Kisu cha Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daftari hili ni la binti yangu Akiror, alilitumia chuo cha uuguzi. Kurasa za mbele zimejaa michoro ya figo na maini. Zilizobaki nimezichukua mimi, Dorcas, maana leo nina la kuandika.

Asubuhi kisu changu kimevunjika mpini nikimenya muhogo. Jioni Akiror amepiga simu kutoka Tororo, anakofanya kazi kwenye kliniki. Wazee wa Edwin, mchumba wake, wanakuja kujitambulisha mwezi wa sita, kutoka Nabuyoga. Nikapiga kigelegele mpaka mbwa wakabweka. Halafu akasema, "Mama, siku hiyo nataka upike wewe. Si Mama Mdogo Elinah. Wewe."

Nikamwambia tutaona. Lakini moyoni niliona haya, kwa sababu mtoto amenikumbusha jambo ambalo boma zima linalijua na hakuna anayelisema. Nimeolewa hapa Sikuda, upande wa Uganda, miaka ishirini na nne, na sijawahi hata siku moja kukata chakula cha wageni. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Wageni wakija, mama mkwe wangu Ariokot ananituma maji, ananituma kuosha sahani, ananituma kufukuza kuku. Kisu anapewa Elinah, mke wa shemeji yangu. Eti kumkatia mgeni chakula kwa kushoto ni dharau.

Na tuseme ukweli, mboga yangu ni mbaya. Hapa mwanamke anajulikana kwa sukuma wiki. Unakunja majani, unayashika kwenye ngumi, unakata hewani bila ubao, na yanatakiwa yatoke nyuzi. Ya Ariokot, ambaye hapa wote tunamwita Mama, yanatoka nyuzi. Yangu yanatoka kamba za kufungia mbuzi.

Lakini huyu ni binti yangu. Nilimzaa mimi. Nitawapikia wakwe zake mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali. Mvua hakuna. Nimekata vitunguu kwa kisu kisicho na mpini, nimekifunga kitambaa. Aibu tupu.

Jumanne, 11 Machi

Nimevuka kwenda Busia ya Kenya. Nyumbani niliwaambia naenda kutafuta mbegu za maharagwe, na kweli nimezileta, kwa hiyo sikudanganya.

Malori yamepanga foleni mpaka huko. Nyuma ya foleni kuna mchuuzi anaitwa Kevo, ametandaza visu kwenye gunia, kofia nyekundu, mdomo haupumziki.

"Mathe, karibu! Unakata nyama ama mboga?"

"Nakata kila kitu. Sitaki maneno mengi, nataka kisu."

"Basi chukua hii. Stenlesi. Haishiki kutu, haichoki. Cheki vile inang'aa."

Nikamwambia siwezi kununua kisu sijakijaribu. "Kwani ni soda, unataka kuonja?" Watu wakacheka. Sikuondoka. Mimi nikishasimama mahali, nimesimama. Mwishowe akaomba kitunguu kwa mama wa jirani, nikachuchumaa, nikakata. Kisu kikashuka kimenyooka mpaka chini. Nikakata tena. Kimenyooka! Sikumbuki lini nilikata kitunguu kikakatika pale nilipotaka.

"Kumbe we ni mashoto," Kevo akasema. "Poa. Hata bro yangu ni mashoto." Akaendelea kumwita mteja mwingine. Basi. Hivyo tu, kama mtu anayesema una viatu vya bluu. Nimevuka mpaka kurudi nikitabasamu peke yangu mpaka askari wa getini akaniuliza nimekunywa nini.

Ijumaa, 14 Machi

Sukuma imetoka nyembamba! Si nyuzi za Mama, lakini nyembamba. Mume wangu Okurut amekula, akatazama sahani, akauliza, "Mboga hii nani amekuletea?" Nikamjibu, "Mkono wangu." Akajiongezea.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Mama amenoa visu. Kila Jumamosi ni hivyo, tangu kabla sijafika hapa. Visu vya boma zima vinapelekwa kwake, changu, cha Elinah, cha kwake, na panga la Okurut juu yake. Anakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, kinoo chake magotini. Ni jiwe jeusi alilopewa na mama yake alipoolewa, limelika katikati mpaka limekuwa bakuli. Hakuna mwingine anayeligusa.

Amekipima kisu changu kipya kwa kidole gumba. "Hii makali ya duka tu," akasema. "Hapana makali ya ukweli." Akakishughulikia muda mrefu kuliko vyote. Nilimshukuru.

Jumapili, 16 Machi

Sielewi. Baada ya kanisa nimekata sukuma, imetoka kamba za mbuzi. Kisu chenyewe ni kikali, kinanyoa nywele za mkono. Lakini kinakimbia. Ninakielekeza hapa, kinatoroka kule. Upande mnene, upande mwembamba. Elinah akapita, akatazama kwenye ungo, akasema, "Pole, dada." Pole yake nilitaka kuitupa motoni pamoja na mboga.

Jumatano, 26 Machi

Mvua imefika hatimaye, wiki yote tumepanda maharagwe kwenye matope. Leo ndiyo nimepata nafasi ya kwenda kupigana na Kevo.

"Umeniuzia kisu feki."

Akakichukua, akakata karatasi hewani. Fyu! "Mathe, hii kitu inakata kuliko siku nilikuuzia. Ama ikivuka Uganda inabadilisha tabia?"

Tulipigizana kelele mpaka madereva wakashuka kwenye malori kusikiliza. Mwisho akachoka, akaniuzia kingine kwa nusu bei. Hiki cha pili ni kizito, mgongo mnene, mpini mweusi. Nimekijaribu palepale. Kimenyooka.

Ijumaa, 28 Machi

Kabichi. Nyembamba. Nimeimba nikipika.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Mama amenolea chini ya upenu.

Jumapili, 30 Machi

Kamba za mbuzi.

Nimekaa jikoni nikavitazama visu viwili, kipya na kipya zaidi. Siwezi kurudi kwa Kevo tena, na sina sababu. Kisu cha kwanza kiliharibika baada ya siku tano. Cha pili baada ya siku nne. Mkono ni uleule mmoja. Basi hapo jibu liko wazi, si kisu kibaya, ni mkono. Unakuja vizuri siku mbili tatu kwa furaha ya kitu kipya, halafu unarudi kwenye ujinga wake.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeamua nijifunze mkono wa kulia. Miaka arobaini na sita, najifunza kukata mboga kama mtoto.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimejikata kidole cha shahada cha kushoto. Mkono wa kulia umeukata mkono wa kushoto. Okurut alicheka, kisha akaona damu, akaacha kucheka, akaenda kutafuta kitambaa.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nina hasira. Nitaandika zote zitoke.

Akiror amekuja. Tumekula, tumemshukuru Mungu, kisha Mama akaanza kugawa kazi za siku ya wageni. Okurut, mbuzi na viti. Shemeji, hema. Halafu akageuka upande wa wanawake.

"Elinah atakata. Mama Akiror atasimamia maji na sahani."

Mama Akiror ni mimi. Mama wa bibi harusi, asimamie maji.

Akiror akasema kwa upole, "Bibi, mimi niliomba Mama ndiye apike."

"Nasikia. Lakini siku ya wageni hapana siku ya kujaribu mkono. Tazama hiyo kidole." Akanionyesha kwa kidevu, kitambaa changu kikiwa na doa la damu. "Watu ya Nabuyoga wakiona mboga kama hiyo watasema huyu mtoto mama yake hakumfundisha kitu. Mimi nakukinga, mjukuu. Mimi sina ubaya."

Na ndilo linalouma, hana ubaya. Nilipozaa, huyu mama alinibebea maji ya moto wiki sita. Nilipougua malaria alilala chini kando ya kitanda changu. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Nikamtazama Okurut. Okurut akaitazama mifupa ya kuku kwenye sahani yake kama anaisoma. "Mama ameshaamua," akasema.

Nilitoka nje. Nikakumbuka shule yetu kule Funyula, upande wa Kenya nilikozaliwa. Darasa la kwanza mwalimu alinifunga mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kwa kamba ya katani, muhula mzima, ili nijifunze kuandika kwa kulia. Ndiyo maana mwandiko huu unalala kama mahindi baada ya upepo. Nilidhani ile kamba ilifunguliwa.

Akiror alinifuata. Hakunibembeleza, si tabia yake. Akasema, "Mama, Tororo kuna fundi anafua visu kwa springi za malori. Mpishi wa kliniki yetu haachi kumsifu. Jaribu mara moja tu." Nikamwambia nimejaribu mara mbili na mkono ni uleule. Akasema, "Basi jaribu mara ya tatu kwa sababu mimi nimekuomba."

Mtoto wa kuzaa mwenyewe huwezi kumkatalia mara mbili siku ya Pasaka.

Jumanne, 29 Aprili

Barabara imekatika kwa mvua. Hakuna safari.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Maharagwe yametoa maua. Mama amenoa visu, akaniuliza kama kidole kimepona. Kimepona.

Alhamisi, 8 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nimefika Tororo saa nne, nikamkuta Fabiano kwenye kibanda chake karibu na reli. Mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa waya, springi zilizovunjika zimelundikana mlangoni kama kuni. Nikamwambia nataka kisu cha jikoni. Hakunionyesha hata kimoja. Alitoa majani ya sukuma kwenye ndoo ya maji.

"Mama, mimi nafua kisu ya mtu. Hapana fua kisu ya soko. Kata hapa nione."

Nilikuwa nimebeba kisu changu kizito cha Kevo. Nikakishika kwa kulia, kwa adabu, maana ni mgeni kwake. Nikakata jani moja, mbili.

"Wacha," akasema. "Hiyo hapana mkono yako. Wewe unaogopa mimi? Tumia mkono yako."

Nikabadilisha. Nikakata. Kamba za mbuzi. Nikasema haraka, kabla hajasema yeye, "Naona mwenyewe. Mkono wangu ni mbaya, tangu zamani."

Alikuwa haangalii mboga. Alikuwa anaangalia kisu. Akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza huku, akakigeuza huku, akapitisha ukucha kwenye makali.

"Hii nani ananoa?"

"Mama mkwe wangu. Kila Jumamosi."

"Yeye anatumia kulia."

"Ndiyo."

"Ananoa upande moja tu?"

Nikataka kusema sijui. Halafu nikamwona Mama kwenye kigoda, mkono wake ukienda na kurudi, kwenda na kurudi, na kisu hakigeuki. Miaka ishirini na nne namtazama, na sijawahi kumwona akikigeuza kisu. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Ndivyo wanavyonoa wote kwao.

"Upande mmoja," nikasema.

Fabiano akanisogezea kisu. "Tazama. Hapa imekulwa, inateremka. Huku nyuma iko bapa. Mtu ya kulia akishika, hii bapa inaegemea mboga, kisu inashuka sawa. Wewe ukishika na kushoto, mteremko ndio inaegemea mboga. Inasukumwa, inatoroka. Hata mimi nikikata na kushoto, itatoroka. Hata askofu." Akakikamata kwa kushoto, akakata. Kamba za mbuzi! Za fundi mwenyewe! "Umeona? Mkono yako iko mzima, mama. Ulikuwa unapigana na kisu."

Nililia. Nililia pale kibandani mbele ya mwanamume nisiyemjua, na springi za malori. Nililia kwa ajili ya sahani zote nilizoosha. Fabiano alingoja, akapuliza mivukuto yake, hakunitazama, Mungu ambariki.

Kumbe ndiyo maana kisu kipya kilikuwa kinanitii. Kiwandani wananoa pande zote mbili. Ikifika Jumamosi, kwa upendo kabisa, Mama anakigeuza kuwa cha kwake.

Fabiano akapima kiganja changu kwa uzi, akaniuliza napika nini zaidi, nimesimama au nimekaa, natumia ubao au ngumi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali hayo. Kisu kitakuwa tayari baada ya wiki mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Sijamwambia mtu. Nimesimamia maji leo nikicheka ndani kwa ndani.

Alhamisi, 22 Mei

Nimekipata. Urefu kama kutoka kiganjani mpaka kiwiko ukikunja ngumi, mgongo mweusi bado una alama za nyundo, mpini wa mti wa mvule. Haking'ai kabisa. Ukikiweka karibu na cha Kevo kinaonekana kama maskini. Makali yameteremka upande wa kushoto, kulia ni bapa kama kioo.

Nilikata palepale. Nyuzi. Nikakata fungu zima, nikaziinua kwa vidole, zikaning'inia. Fabiano akasema, "Sasa mkono imefika nyumbani." Kisha akanionya, "Lakini hiyo jiwe ya mama mkwe, Jumamosi moja tu, kwisha kazi."

Jumamosi, 24 Mei

Nimekificha kwenye debe la unga. Nimempelekea Mama visu vya Kevo.

Jumamosi, 31 Mei

Debe la unga tena. Nimechoka. Mwanamke mzima naficha kisu kama mwizi. Usiku wa kuamkia Jumamosi nawaza unga.

Jumamosi, 7 Juni

Leo sikukificha. Nilikuwa nakata vitunguu Mama akanyoosha mkono, "Lete na hiyo nyeusi."

"Hiki hapana, Mama."

Sijawahi kumwambia Mama hapana.

"Nini?"

"Kina upande wake. Fundi amekinoa kwa mkono wangu. Ukikinoa wewe kitageuka, kama vile vingine. Mama, unaponoa hukigeuzi kisu, na ndiyo sababu—"

"Mimi nanoa visu kabla wewe kuzaliwa."

"Najua, Mama."

"Jiwe ya mama yangu sasa ndio iko na makosa."

"Jiwe halina makosa. Mama, nisikilize tu."

Hakusikiliza. Alikusanya visu vingine kwenye kitambaa, akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe. Okurut akaja mbio kuniuliza nimefanya nini. Nikamwambia kwa mara ya kwanza nimefanya jambo la maana, na kama anataka kusoma mifupa ya kuku aende akasome.

Siku saba zimebaki.

Jumanne, 10 Juni

Mama haongei nami. Mvua zimepungua. Tumeng'oa maharagwe, yeye mstari wake, mimi mstari wangu.

Alhamisi, 12 Juni

Haongei. Elinah amekuja na aproni mpya.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikuandika, sikuwa na mikono wala nafasi. Leo naandika yote.

Saa moja asubuhi jiko limejaa. Wanawake wa jirani wanachambua mchele, sufuria zimeshawekwa, kabichi ziko kumi na mbili kwenye gunia na sukuma imejaa beseni. Mimi niko kwenye mapipa ya maji, kama nilivyoagizwa. Kisu changu nilikiacha kwenye rafu, wazi. Sikutaka tena debe la unga.

Elinah akaja na aproni yake. Akatazama visu, akachagua. Na akachagua changu! Simlaumu, kilikuwa kikali kuliko vyote, na yeye anajua kisu. Nikaendelea kumimina maji.

Akakata kabichi ya kwanza. Nikasikia sauti ya kisu ikisita. Akakata tena. Wanawake wakaanza kutazama. Vipande vinene kama vidole, vingine vimelala upande kama paa linaloanguka.

Mama akatoka ndani. "Elinah! Leo mkono yako iko na nini?"

"Sijui, Mama. Kinateleza."

"Umelala vizuri?"

"Nimelala, Mama! Ni hiki kisu cha Dorcas, kibaya!"

"Kisu hapana mbaya. Toa." Mama akakunja mikono ya gauni lake la gomesi, akakaa kwenye kigoda, akachukua majani ya sukuma, akayakunja kwenye ngumi yake ile inayojulikana mpaka Bulumbi. Wote tukasogea. Ariokot akikata, watu hutazama.

Kamba za mbuzi.

Akatazama mkononi. Akakunja majani mengine, akakaza ngumi, akakata polepole kwa uangalifu. Kamba za mbuzi, nene huku, nyembamba huku. Banange, jamani, sikucheka. Mtu asiseme nilicheka. Nilitaka kulia, kwa sababu niliujua ule uso. Ni uso wangu mwenyewe, wa kila siku, juu ya ungo.

Mama akapitisha kidole gumba kwenye makali. Akakigeuza kisu. Akakigeuza tena. Kisha akageuza kichwa, akalitazama jiwe lake pale chini ya upenu, lilivyolika. Alikaa hivyo kwa muda mpaka chungu kikafurika na mtu akakimbilia kukiepua.

"Mama Akiror," akaniita. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima. Nikaja, mikono inachuruzika maji.

"Hivi ndivyo ulikuwa unakata hapa kwangu?"

"Ndivyo, Mama."

"Hivi. Inakutoroka hivi."

"Hivyo."

"Miaka yote?"

"Miaka ishirini na nne, Mama."

Hakusema samahani. Wa umri wake hawasemi. Alikifuta kisu kwa upindo wa gomesi yake ya wageni, ile ya kijani, akashika upande wa makali, akanielekezea mpini. Nikanyoosha mkono wa kulia nipokee, kama adabu inavyotaka kwa mkubwa. Akakirudisha kisu nyuma.

"Hapana hiyo," akasema. "Ile ingine."

Mbele ya wanawake wote, mama mkwe wangu akaniwekea kisu kwenye mkono wa kushoto.

"Kata. Jua inapanda."

Nikakata! Nilikata kabichi kumi na moja na beseni zima la sukuma. Nilikata vitunguu, nyanya, karoti, nikakata na nyama ya mbuzi, na ningemkata yeyote ambaye angenigusa kiwiko. Nyuzi, nyuzi, nyuzi. Elinah alikuwa akinipa majani, na ninamsifu, alifanya kwa moyo mweupe, hata akaniambia, "Dada, kumbe!" Hakumaliza sentensi, na mimi sikuhitaji amalize. Akiror alifika na gauni lake, akasimama mlangoni mwa jiko, akaona kisu kiko wapi, akaharibu poda yake yote kwa machozi.

Wageni walikuja saa saba. Walipokula, shangazi yake Edwin, anaitwa Damalie, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kanisani, aliinua kabichi kwa uma akaitazama kwenye mwanga. "Hii kabichi nani amekata?"

Okurut akafungua mdomo. Mama akamtangulia.

"Ni huyu mke ya mtoto wangu. Mama ya bibi harusi." Akangoja mpaka hema zima linyamaze, kisha akaongeza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Na anakata na kushoto."

Damalie akatazama kabichi, akanitazama mimi, akatia mdomoni. "Basi huyo kushoto aniongezee," akasema, akanyoosha sahani.

Nikamwongezea. Kwa mkono gani, watu wa Nabuyoga wanajua.

Jumatatu, 16 Juni

Nimelala mpaka saa tatu. Hakuna aliyeniamsha.

Jumamosi, 21 Juni

Jua. Maharagwe yameanikwa uwanjani. Nilikuwa nayageuza nikamsikia Mama ananiita kutoka nyuma ya jiko. Nikamkuta kwenye kigoda, jiwe magotini, visu vyote vimeshanolewa vimepangwa kwenye kitambaa. Pembeni ameacha nafasi moja tupu.

"Lete hiyo nyeusi," akasema.

Nikasita. Akaona nimesita. Akanisogezea kigoda cha pili, sijui alikitoa wapi, akakiweka ubavuni mwake, karibu na jiwe.

"Lete, nimesema. Ukae hapa, unionyeshe ni upande gani."